Mama Kifuniko na Blanketi la Bwawa

Hakuna kitu alichokiacha wazi. Glasi ya maji aliyokunywa nusu aliiwekea kisahani juu. Sufuria aliifunika hata ikiwa tupu, imeoshwa, imepangwa rafuni. Redio ilikuwa na kitambaa chake chenye ukingo wa lesi, rimoti ya televisheni ilikuwa na mfuko wake, na cherehani, hata alipoiacha kidogo tu akanywe chai, aliivalisha koti kama mtoto anayetolewa nje asubuhi ya baridi. Akiongea kwa simu alikinga kinywa kwa kiganja, kana kwamba maneno yangepoa kabla hayajafika yaendako. Mafundi wenzake walimbandika jina la Mama Kifuniko, nalo likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

"Wacheke tu," alikuwa akisema. "Nzi hajawahi kunitembelea."

Alikuwa mshona mapazia. Kabla ya mapazia alishona sare za shule, na kabla ya sare alikuwa mke wa mtu aliyefariki mapema na kumwachia mtoto mmoja wa kiume na cherehani ya miguu. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na mchonga funguo, na humo ndani alishona kila kitu kinachoficha kitu kingine: mapazia, vitambaa vya makochi, viti vya magari, makoti ya majenereta. Kwa kazi hiyo alimsomesha mwanawe mpaka akawa fundi wa mitambo mikubwa, na kwa kazi hiyohiyo akanunua vyumba viwili, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Alihamia humo akiwa na miaka hamsini na kitu, na siku ya kwanza alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, ili ausikie tu.

Alivunjika nyonga mahali pasipo hata na kizingiti. Alikanyaga kipande cha satini kilichodondoka sakafuni pale kibandani, mguu ukaenda upande wake na mwili upande wake. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, na alipotoka hospitali hakupelekwa kwake. Alipelekwa nyumbani kwa mwanawe, kwa sababu kule hakukuwa na ngazi.

Mwanawe mwenyewe hakuwepo. Kazi yake ya mitambo ilikuwa mbali, na alikuwa akija likizo mara chache. Aliyekuwepo ni mkewe, mwalimu wa historia katika chuo cha ualimu, mwanamke mpole wa kusema pole hata kwa meza aliyoigonga. Mama Kifuniko hakuwahi kumwita mkwe wala kwa jina. Alimwita Mwalimu. Mwalimu naye alimwita Mama, akampokea mikoba kwa mikono miwili, akampa chumba chenye jua la asubuhi, na kwa wiki kadhaa wanawake hao wawili waliishi kama wageni waliokutana hotelini: shikamoo, marahaba, umelalaje, nimelala salama, karibu chai, ahsante.

Nyumba hiyo ilikuwa na bwawa la kuogelea. Lilikuja na nyumba kama vile mume anavyokuja na ndugu zake. Hakuna aliyeliomba, lakini lilikuwepo na lilihitaji kuhudumiwa. Lilikuwa dogo, lenye umbo la yai, vigae vya bluu, na ngazi fupi za saruji upande wa kina kifupi. Mji ule uko juu, jua lake ni kali mchana na usiku wake unauma mifupa, kwa hiyo maji hayakupata nafasi ya kupata joto. Mwalimu alikuwa hajaingia humo zaidi ya vifundo vya miguu. Kila Jumamosi alifungulia mpira wa maji kujaza yaliyopungua, maana jua na upepo vilikuwa vikiyanywa bila kumuuliza mtu.

Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeliona bwawa kupitia dirishani akasema, "Mna bahati ya ajabu. Huyu mama atembee majini kila siku. Maji yatambeba, nyonga itafanya kazi bila kubeba uzito. Ila yawe na joto kidogo. Maji ya baridi yatamkaza."

Wakajaribu hivyohivyo. Mwalimu alimshika mkono, Mama Kifuniko akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ndani ya maji, na mtaa mzima ukasikia.

"Yesu na Maria na mitume wote! Mwalimu, mmenitoa hospitali ili mje kuniulia nyumbani?"

"Pole, Mama. Jaribu kidogo tu."

"Jaribu wewe! Wewe una nyonga mbili!"

Alitoka akitetemeka, misuli imekaza kama kamba iliyolowa, na kwa siku mbili hakuweza hata kugeuka kitandani peke yake.

Jioni ya siku ya pili mwanawe akapiga simu. Mwalimu alikuwa jikoni, mlango uko wazi, akasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini upande huo ulitosha.

"Nani? Mpangaji gani? ... Mwanangu, vile vyumba si banda la kuku, useme tu kuku akihama ataingia mwingine." Kimya. "Ngazi nimezipanda miaka na miaka nikiwa na marobota ya vitambaa kichwani, wewe, mtu mzima, ukiwa nyuma unalalamika umechoka." Kimya kirefu zaidi. Kisha sauti ikashuka, kiganja kikakinga kinywa. "Basi tukubaliane. Ukija likizo baada ya baridi, nitazipanda mbele yako. Nikishindwa, mpe huyo mtu ufunguo. Lakini nikifika juu, usiniletee habari hizo tena mpaka siku ya kunizika."

Alipokata simu aliifunika kwa kitambaa chake, akabaki amekaa. Mwalimu akamletea chai. Alitaka kusema kitu. Ukweli ni kwamba mumewe alikuwa amemwambia habari za mpangaji zamani, na yeye alikuwa ameitikia, kwa kuwa lilionekana jambo la busara, na pia kwa kuwa nyumba ile, kabla ya huyu mama kuja na makelele yake ya vifuniko, ilikuwa na ukimya ambao hakuwa na hamu ya kuurudia. Akaweka chai mezani.

"Nitamwita fundi wa mabwawa," alisema.

Fundi wa mabwawa alikuja na baiskeli yenye ndoo mbili na mdomo usiopumzika. Alichovya kipimajoto, akakitazama, akatikisa kichwa kama daktari anayesubiriwa na ndugu wa mgonjwa.

"Mama, haya maji ni ya kuhifadhia samaki. Hamuhitaji mashine ya umeme. Mnahitaji blanketi."

"Nimlaze nani humo?" Mama Kifuniko akauliza. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni, fremu yake ya kutembelea mbele yake kama meza ya hakimu.

"Bwawa lenyewe, Mama. Blanketi la jua."

Akalileta kesho yake: robota kubwa la plastiki ya bluu, upande mmoja laini, upande wa pili umejaa viputo vya hewa. Mama Kifuniko alikishika kipande, akakikunja, akakinusa, akabonyeza kiputo kikapasuka pwaa.

"Si ndiyo ile wanayofungia televisheni?"

"Binamu yake," fundi akajibu. "Ila hii ni nene na inavumilia jua. Inaelea juu ya maji. Mchana inaruhusu jua lipite liyapashe joto, usiku inazuia joto lisitoroke. Na maji hayakauki ovyo, hamtajaza kila wiki. Hata dawa mtatumia kidogo."

"Kwa hiyo ni kifuniko."

"Ni kifuniko, Mama."

Mwalimu aliuona uso wa mama mkwe wake ukifunguka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Walilitandika. Mama Kifuniko aliamuru viputo viwe juu, upande laini ulale kwenye maji, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayelala kwenye upande wenye vipele. Fundi akacheka mpaka akashika magoti. "Hapana, Mama, viputo ndivyo vinavyokaa majini. Hewa iliyomo ndiyo godoro lenyewe." Wakaligeuza. Kisha akazunguka bwawa na mkasi akilikata kufuata umbo la yai, na vipande vilivyobaki vikalala kwenye nyasi kama maganda. Alipokuwa akikata, alimpa Mwalimu masharti: mtu asiingie majini kabla blanketi halijatolewa lote, hata nusu isibaki, maana aliyezama chini yake haonekani wala hapati pa kutokea, likikunjwa lisiachwe juani, litajipika lenyewe, na dawa ya bwawa ikimwagwa nyingi, blanketi likae nje mpaka ukali wake upungue.

Mama Kifuniko hakuyasikia yote hayo. Alikuwa akipapasa ukingo uliokatwa, akiguna kwamba haujapindwa.

Kazi ya maisha yake ikaanza upya. Jioni ileile alishona shuka jeupe kwa mkono, la kulifunika blanketi linapokunjwa.

"Kifuniko cha kifuniko," Mwalimu akasema, akijikwaa kwenye mzaha kama mtu asiyeuzoea.

"Na wewe umeanza!" Mama Kifuniko akamtazama kwa furaha. "Kumbe una meno."

Maji yalibadilika polepole. Siku za kwanza hakuna aliyeona tofauti isipokuwa kipimajoto. Kisha asubuhi moja Mwalimu alichovya mkono akashtuka, akadhani amekosea. Hayakuwa ya moto. Yalikuwa ya kuvumilika, kama maji ya ndoo iliyoachwa uani mchana kutwa. Akalikunja blanketi lote, akavaa vazi la kuogelea alilolinunua miaka mingi nyuma na kulificha chini ya mashuka, akamshika mama mkwe wake mikono yote miwili, wakashuka.

Safari hii mtaa haukusikia kitu. Mama Kifuniko alisimama maji yakimfika kifuani, gauni lake la kuogea limevimba pande zote kama mwavuli. Kisha akainua mguu mbovu. Uliinuka.

"Mwalimu."

"Naam, Mama."

"Mguu wangu umerudi kutoka safari."

Tangu hapo wakaingia kila alasiri Mwalimu alipotoka chuoni. Walitembea wakizunguka ule ukuta wa yai, mbele na nyuma, wakiwa wameshikana kama wanaojifunza dansi. Majini heshima ililegea. Huwezi kumwamkia mtu kwa unyenyekevu huku unamshika kiuno asizame. Mama Kifuniko alimsimulia kuhusu wateja wake, kuhusu bibi mmoja tajiri aliyetaka mapazia mazito kiasi kwamba fimbo iling'oka na ukuta. Alimuuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza Mwalimu kwa muda mrefu: kama anapenda kazi yake, kama anamkumbuka mumewe au amezoea tu, mbona anakula amesimama. Mwalimu alijibu akitazama maji. Halafu walifanya zoezi la mwisho: ngazi fupi zile za upande wa kina kifupi. Kupanda, kushuka. Kupanda, kushuka. Mwanzo akiwa ameshikwa pande mbili, baadaye upande mmoja, baadaye ameshika ukingo tu.

Ndipo ikanyesha mvua kubwa isiyo ya majira yake, ikaangusha majani na matope bwawani, na baada ya siku mbili maji yakawa ya kijani kama supu ya mboga.

Mwalimu alikuwa chuoni. Mama Kifuniko, sasa akitembea kwa fimbo, akayatazama maji yale na akajua la kufanya. Alikuwa amesafisha bitana za mapazia maisha yake yote. Kitambaa cheupe kikiingia ukungu, unakiloweka kwenye dawa kali ndani ya beseni, kisha unalifunika beseni barabara ili nguvu ya dawa isikimbilie hewani. Ukiliacha wazi, umeitupa dawa. Hilo hakuna fundi wa mapazia asiyelijua. Akachukua kopo la klorini, akamwaga kama mtu asiyetaka kurudia kazi, akamwita mtunza bustani wa jirani amsaidie, wakalitandaza blanketi, akaukandamiza ukingo kwa fimbo yake pande zote mpaka akaridhika.

Maji yakawa safi kweli, safi mpaka vigae vikaonekana kimoja kimoja. Aliwaonyesha wote waliopita getini. Lakini baada ya siku chache, walipolivuta blanketi, Mwalimu aliona vitu vinavyong'aa vikielea, vyembamba kama magamba ya samaki. Akavichota kwa kiganja. Vilikuwa vipande vya plastiki. Viputo vilikuwa vinapasuka na kubanduka, na kila walipolikunja, magamba zaidi yalianguka. Katikati blanketi lilikuwa limekauka kama karatasi ya sukari, ukilishika, linakatika.

Fundi wa mabwawa alipokuja hakucheka.

"Mama, umelipika."

"Nimefunika dawa isikimbie."

"Ndiyo ilitakiwa ikimbie. Ukali wote ulibaki hapo chini ya blanketi, ukalila." Alikisugua kipande kikageuka unga vidoleni mwake. "Nilikuwa nimemwambia Mwalimu."

Mwalimu alisimama pale na kopo mkononi. Ni kweli alikuwa ameambiwa. Hakuwa amemwambia mama mkwe wake, kwa sababu siku ile alikuwa na furaha na vifuniko vyake, na yeye hakuwa mtu wa kumwelekeza mkubwa wake jinsi ya kufunika kitu. Alisubiri lawama. Mama Kifuniko alimtazama kidogo, kisha akamtazama fundi.

"Lete lingine."

"Hakuna, Mama. Ghala zima limekwisha, baridi hii kila mtu anataka. Mzigo mwingine utafika joto likirudi."

Joto likirudi, mwanawe naye angekuwa amerudi, na mpangaji naye angekuwa mlangoni na masanduku yake.

Siku zilizofuata maji yalipoa tena. Mama Kifuniko aliingia mara moja akatoka na nyonga iliyokaza. Ngazi za bwawa, ambazo alikuwa ameshazizoea, zikamgomea. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Mwalimu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama bwawa lililo uchi, na chai yake, yenye kisahani juu kama kawaida, ikapoa bila kuguswa.

"Fundi," Mama Kifuniko alisema siku moja, yule kijana wa baiskeli alipopita kupima maji. "Ulipokata hili letu, yale maganda uliyapeleka wapi?"

"Vipande? Nilivibeba. Nina rundo stoo. Kila bwawa lenye kona hubakiza vipande. Huwa nawapa watu wa vitalu vya miche."

"Yako mengi?"

"Ya kulala ng'ombe."

"Basi miche itasubiri." Akageuka. "Mwalimu, kesho huna darasa asubuhi. Nenda kwangu ukaniletee cherehani. Si ile ya kibandani. Ile nzito, iliyo chini ya dirisha."

Mwalimu alizipanda ngazi zile akiwa peke yake kwa mara ya kwanza. Siku zote alikuja na mumewe, wakakaa kidogo, wakaondoka. Kufika ghorofa ya tatu alikuwa anahema, akajiuliza moyoni mwanamke wa umri ule atafikaje. Akafungua mlango. Vyumba vilikuwa na harufu ya pasi na sabuni. Kila kitu kilikuwa kimefunikwa, hata saa ya ukutani ilikuwa na kifuniko kilichokatwa tundu la kuonyesha mishale. Kitanda kimoja, kiti kimoja cha kukalia kazini, kimoja cha mgeni. Mapazia yalikuwa ya rangi ya machungwa, mazuri kuliko yote aliyowahi kumwona akimshonea mteja. Akayafungua, na dirisha likaonyesha paa za mabati, kamba za nguo, na mbali, kipande cha kilima. Chini, watu walikuwa wakipita na kuitana. Chini ya dirisha kulikuwa na cherehani nzito, na mahali ambapo miguu ya mshonaji hukaa, sakafu ilikuwa imelika na kung'aa.

Alikaa kwenye kile kiti cha kazini kwa muda. Alikuwa amefundisha miaka mingi jinsi watu walivyopigania nchi na mipaka, na hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuipigania sakafu. Kisha akamwita kijana wa yule mchonga funguo wa kando ya kibanda amsaidie kuishusha cherehani, na kwenye kila mzunguko wa ngazi alipumzika na kusema moyoni kwamba yule mama atarudi hapa, hata kama yeye atabaki na ukimya wake.

Kazi ilifanyikia barazani. Fundi alileta vipande vya kila umbo: vya pembe tatu, vya mwezi mchanga, virefu kama mishipi, vingine bluu ya bahari, vingine bluu iliyofifia. Mama Kifuniko alivipanga sakafuni kama mtu anayepanga karata. Uzi wa kawaida aliukataa, akatumia wa nailoni. Alirefusha hatua ya sindano, kwa sababu mishono ya karibu hutoboa plastiki mfululizo mpaka inachanika yenyewe kama stempu za posta. Na mahali pa kuungana, ili mshono ulale vizuri, viputo vilibidi vipasuliwe kwanza. Hiyo ikawa kazi ya Mwalimu na fundi, waliokaa chini na kuvibonyeza kwa vidole gumba, pwaa, pwaa, pwaa, mpaka jirani akachungulia ukutani.

"Huko kuna vita?"

"Kuna wasomi wanachezea plastiki," Mama Kifuniko akajibu bila kuinua kichwa. "Mwalimu, umeacha kimoja. Hapo, hapo! Unaniharibia mshono."

"Samahani, Mama."

"Usiombe samahani. Kipasue."

Alishona akisukuma kikanyagio kwa miguu yote miwili, ule mzima na ule mbovu. Mwanzo mguu mbovu ulisindikiza tu. Baadaye ukasukuma.

Walipolitandaza lile blanketi la viraka lilikuwa kama ramani ya nchi zisizokuwepo, bluu juu ya bluu, na ukingo wake wote ulikuwa umepindwa vizuri. Liliingiza maji kidogo kwenye mishono, lakini lilielea. Mama Kifuniko alijifunza masharti yote upya, moja moja, akimuuliza fundi na kurudia kwa sauti. Dawa ikimwagwa, aliketi ukingoni na blanketi likiwa nje, akichoka kusubiri, akimwambia kila apitaye kwamba mambo mengine hufunikwa baada ya kutulia, si kabla. Maji yakarudisha joto lake. Wakarudi kuzunguka yai lao.

Mwanawe alikuja jua lilipoanza kuwa kali. Alimkuta mama yake amesimama getini bila fremu, na fimbo kwapani kama mtu aliyeibeba kwa ajili ya mwingine. Kesho yake asubuhi walikwenda wote watatu.

Mama Kifuniko alitazama ngazi, akavua viatu, akampa mwanawe avibebe. Akashika kishikizo cha chuma. Mguu mzima kwanza, mbovu ufuate. Mwalimu alibaki hatua mbili nyuma yake, mikono mbele, kama walivyozoea majini, lakini hakumgusa. Ghorofa ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili alipumzika, jasho likamtoka, mwanawe akafungua mdomo.

"Mama, si lazima..."

"Nyamaza, unanikata pumzi."

Kati ya ya pili na ya tatu mguu mbovu ulikataa. Alisimama hapo kwenye ngazi ileile, amefumba macho. Mwalimu alikaribia kumshika.

"Majini, Mama," alimwambia kwa sauti ndogo. "Ni zile zile za majini."

Mama Kifuniko akatoa pumzi. Akainua mguu polepole, kama unavyoinuka wenyewe unapobebwa na maji, akauweka juu. Kisha mwingine. Alipofika mlangoni hakushangilia. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mwanawe, shujaa wa mitambo mikubwa, akatafuta mifuko yote minne kabla ya kuupata ufunguo.

Aliishi humo miaka sita tena. Fundi wa mabwawa alimletea mablanketi yaliyochanika ya mji mzima, na pale chini ya dirisha, panapong'aa, aliyaunga na kuyapinda, akiwagombeza wenyewe kwamba wamemwaga dawa bila subira. Mwalimu naye alijifunza kuelea. Alilifunika bwawa jioni na kulifunua alasiri, akaogelea peke yake ndani ya ule ukimya, ambao sasa haukuwa mzito kama zamani, na Jumapili alikwenda ghorofa ya tatu kula akiwa amekaa.

Jumapili ya mwisho hawakujua kuwa ni ya mwisho. Walikula, wakabishana kuhusu rangi ya mapazia ya chuo, wakaangalia dirishani mvua ikikusanyika juu ya kilima. Mwalimu alipoaga, mama mkwe wake alitoka naye mpaka kwenye ukumbi wa ngazi, akaegemea kishikizo kilichobabuka, akamtazama akishuka haraka kama mtu anayekimbizana na mvua. Mwalimu alikuwa amefika ghorofa ya pili aliposikia sauti ikimfuata kutoka juu.

"Taratibu, Mwalimu! Hizo zimenizoea mimi, wewe bado hazikujui."